Mbwa Niliyemfundisha Kunyamaza

Mwaka wa sabini na nane, vita vilipopita Kolwezi, wazungu walipanda ndege na vifurushi vidogo, wakaacha nyumba wazi, vyakula mezani na mbwa wao. Mbwa wakabaki mitaani, na walichokula siku zile sitaki kukisema. Masera Godelieve, mtawa wa misheni ya Manika, aliwakusanya kumi na saba katika ua nyuma ya kanisa. Kisha akatuomba sisi akina mama wa parokia kila mmoja amtunze mbwa mmoja mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja.

Nilikubali kwa sababu mimi nina kichwa kigumu. Tulikaa Musonoi, katika nyumba ya kampuni ya mgodi, na mume wangu Muamba alipoona kamba mkononi mwangu alikasirika.

“Mbelu, posho haitoshe batoto, we unaleta tena mbwa?”

“Ni mugeni tu. Ataenda.”

Basi jina likawa hilo, Mugeni. Alikuwa wa rangi ya udongo, mbavu nje, na alikula bukari, ugali wetu, kwa adabu kuliko wanangu.

Tatizo lilikuwa sauti yake. Askari wa doria walikuwa bado wanapita, na mbwa akiwabwekea walimpiga risasi hapo hapo, wakati mwingine wakaupiga na mlango wa mwenye nyumba. Wakati wa vita sisi tulikuwa tumelala siku nane chini ya kitanda, viganja vyangu kwenye midomo ya watoto. Sikujua njia nyingine ya kumlinda kiumbe abaki hai. Mugeni akifungua kinywa, nilimfunika kwa kiganja. Akinyamaza, nilimpa tonge. Baada ya majuma mawili, akisikia tu viatu vya askari alikuja mwenyewe kuingiza pua mkononi mwangu. Nikajivuna kwa wenzangu kisimani. Mjinga mimi.

Mwezi wa saba Tata Kisimba, mkuu wa kambi yetu ya wafanyakazi, alipita nyumba kwa nyumba akiandika mbwa wote. Amri ilikuwa imetoka: katika nyumba za kampuni mbwa hawaruhusiwi tena. Jumamosi gari lingekuja kuwachukua wakauawe, na atakayeficha mbwa atafukuzwa katika nyumba. Masera alihangaika hadi akampata Tata Omer, mfanyabiashara wa Fungurume, ambaye ghala lake la unga lilivunjwa wakati wa vita. Alitaka mbwa mmoja.

Alikuja Ijumaa asubuhi. Alimtazama Mugeni meno na miguu, akaridhika. Kisha akatoka nje ya ua, akarudi akiruka uzio kama mwizi, fimbo juu.

Mugeni alinitazama. Akanyamaza.

Omer akapiga bati la jikoni. Akakanyaga chini kwa kishindo mbele ya pua yake. Kimya.

“Mama, iyi mbwa iko bubu?”

“Hapana, tata! Ni mi nilimufundisha, juu ya basoda, bale ba doria. Ngojeni kidogo.” Nikamgeukia. “Mugeni, lia! Lia, mi nakuomba!”

Sijui aibu ilienda wapi. Nilipiga magoti kwenye vumbi, mwanamke mwenye watoto wanne, nikabweka. Nilibweka mbele ya mgeni na majirani mpaka koo likaniuma. Mugeni akanijia polepole, akaingiza pua katika kiganja changu ili nimfunge mdomo.

Tata Omer hakucheka. Alivua kofia. “Pole, mama. Mi natafuta mbwa ya kulinda. Bezi bataingia, yeye atanyamaza, batamuua na banamaliza bunga yangu.” Akaenda zake, na hakukosea hata neno moja.

Jumamosi kabla ya jua nilimpeleka mpaka mwisho wa nyumba za kambi, nikamfungua kamba, nikamfukuza kwa mawe aende porini. Jiwe moja lilimpata mguuni. Hakulia. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshafika, anachechemea. Muamba alitutazama, akaingia ndani.

Gari lilikuja saa mbili. Mbwa wa jirani yangu Ernestine alipigana: alibweka, akamng’ata mtu mkono, akakata kamba, akatokomea upande wa mashimo ya mgodi, na hawakumfuata. Wangu nilimleta mimi mwenyewe. Mtu wa gari aliyeipokea kamba alishangaa.

“Wote bangekuwa hivi, tungemaliza mbio. Ulimufundisha muzuri, mama.”

Wakamtupa ndani ya gari. Mle mbwa wote walikuwa wanalia, kila mmoja kwa sauti yake. Nilifuata gari kwa miguu mpaka barabara kubwa, nikisikiliza. Nilitaka nimsikie hata mara moja, nijue ni yeye. Lakini hata kama alilia, ningejuaje? Sikumwacha aitoe sauti yake hata siku moja, kiasi cha mimi kuijua.