Miwani ya Bibi Blanketi

Watoto wa wodini walimwita Bibi Blanketi, kwa kuwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kuwafunika, kuwafuta makamasi na kuwategea vitendawili mpaka wasahau sindano. Kisha mshipa mdogo ukampasukia kichwani. Mkono ukarudi, ulimi ukarudi, lakini matroni akasema hagusi mtoto mpaka Daktari Kidari aandike kwamba huruma nayo imerudi.

Kidari! Manesi walimpa jina hilo kwa sababu kifua chake ndicho kilichotangulia kuingia chumbani, mwenyewe akafuata baadaye. Salamu hakuwa nayo.

"Hapa," alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu bila kumtazama bibi. "Ubavuni, ndani ya mkunjo. Insula. Iko mpakani, kati ya ubongo wa kale wa hisia na ubongo mpya wa fikra. Ukimwonea mtu huruma, panawaka. Ukiona kinyaa, panawaka pia. Ndani ya mashine nimekuonyesha picha arobaini za watoto wanaolia. Giza tupu. Umeelewa, au nirahisishe?"

"Rahisisha, baba. Mimi niliishia darasa la saba."

"Huna huruma. Wodini hurudi."

Bibi Blanketi akamtazama kama anavyotazama sufuria iliyosuguliwa nje tu. Kwenye kitanda namba nne kulikuwa na katoto kasikokubali kulishwa na mkono mwingine. Lakini amlilie huyu? Thubutu!

"Kitendawili," akasema.

"Sina muda wa michezo…"

"Tega!" akadakia binti mpiga picha za ubongo, aliyekuwa kwenye mitambo.

"Nina macho manne. Mawili nimezaliwa nayo, yamechoka. Mawili yanayoona mmenivua mlangoni."

Binti akajishika mdomo. "Miwani! Ya chuma, niliiweka mwenyewe kwenye trei isivutwe na sumaku. Sasa bibi, mle ndani ulikuwa unaona nini?"

"Uji uliomwagika. Mara arobaini. Nikadhani ndivyo mashine yenu ilivyo."

Kidari akakohoa. "Mgonjwa alipaswa kusema."

"Kwa mdomo upi, baba? Huu ulioambiwa usitikisike?"

Ikabidi warudie. Binti akampa miwani ya plastiki kutoka kabatini, akamfunga spika masikioni, kitanda kikamtumbukiza bibi kwenye lile tundu. Mashine ikaanza kugonga kama mafundi wa bati. Mara sauti ya Kidari ikamjia masikioni:

"Bibi, safari hii jitahidi kuhurumia. Nyie mliosoma kidogo mnanipotezea muda sana."

Kipaza sauti walikisahau wazi, bibi akasikia yote.

"Inawaka!" Kidari akapiga kelele. "Pande zote mbili! Hiyo ndiyo huruma. Ni picha ya ngapi?"

"Picha sijaanza, daktari," binti akajibu taratibu. "Amesikia sauti yako tu."

Kucheka kumekatazwa ndani ya mashine. Bibi aliuma meno mpaka taya likamuuma. Kisha picha zikaja, za kweli, na mtoto wa kwanza alikuwa na makamasi mpaka kidevuni. Vidole vya bibi vikatafuta kitambaa mfukoni. Kwa zote arobaini, paliwaka.

Kidari aliandika barua ya mistari miwili, kalamu ikikwaruza karatasi. Bibi Blanketi akavaa miwani yake ya chuma, akaisoma neno kwa neno, kisha akamrudishia.

"Tarehe umesahau, baba. Haraka kidogo, namba nne hajala."