Barua Mbili za Profesa Aldersey

Mimi, Verlene Guidry, nimekaa mlangoni pa Profesa Aldersey, karani wake, miaka kumi na tisa, na nikwambie ukweli: huyo bwana anazunguka nchi nzima akihutubia namna ya kuwalea watafiti chipukizi weusi, na hana nafasi ya kumlea hata mmoja. Renita Fontenot, binti mweusi wa mji mdogo wa Opelousas aliyekabidhiwa kwake amlee, alikutana naye mara moja tu, kwenye hafla ya kujuana, dakika saba, Profesa akitafuna.

Renita alihitaji barua yake ya mapendekezo kabla ya Ijumaa. Bila hiyo, nafasi ya kusomea udaktari wa utafiti wa saratani angeisikia kwenye bomba. Profesa akamwambia aiandike mwenyewe, yeye ataweka sahihi. Ndivyo wakubwa wa hapa wanavyofanya, na wanafunzi waliozoea hujimwagia sifa bila haya. Renita, aliyelelewa kutojisifu, akaniletea mistari minne: anafika kwa wakati, anaosha vyombo vya maabara kwa uangalifu, hana ugomvi na mtu, atajitahidi. Nilitaka kulia, kisha nikataka kumzaba kofi.

"Na wale wanafunzi wanne uliowafundisha kukuza seli?" nikamuuliza.

"Wale walikuwa wepesi kuelewa, Bi Verlene."

"Na lile kosa uliloligundua kwenye majaribio ya mwaka mzima?"

"Mtu yeyote angeliona."

Hakuna aliyeliona, jamani!

Siku hiyohiyo Profesa akanitupia barua nyingine. Aligombea tuzo ya mlezi bora, na anayependekeza ni lazima awe mwanafunzi wake. Basi kajiandikia mwenyewe kurasa tatu, Renita atie sahihi tu. Akili ya kipekee, eti. Moyo wa kuwainua wengine. Jicho linaloona kosa ambalo maabara nzima imelipita. Nikairudia mara ya pili, hasira zikinipanda. Kila sifa ilikuwa ya Renita.

Nikabadilishana majina kwenye barua hizo mbili, la Renita likakaa pa Profesa na la Profesa pa Renita. Profesa alisaini bila kusoma, akiwahi ndege. Renita naye alisaini bila kusoma, akiwahi seli zake.

Machi Renita akapata nafasi yake. Mei Profesa akapata tuzo, maana hakuwa na mpinzani. Mwenyekiti wa tuzo akavaa miwani, akaisoma barua ya pendekezo mbele ya ukumbi mzima: anafika kwa wakati, anaosha vyombo vya maabara kwa uangalifu. Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Profesa akabaki katabasamu pale jukwaani, masikio mekundu.

Renita peke yake hakucheka. Alinishika mkono chini ya meza.

"Bi Verlene, hayo niliyaandika mimi. Nilikuwa najieleza mwenyewe."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa wanacheka nini?"

"Hawaamini kwamba mtu anaweza kusifiwa kwa machache hivyo."

Machozi yakamlengalenga, mwanasayansi wangu.