Kulungu na Nondo Walipokuja Kuposa

Usiku wa jana niliota kulungu na nondo, yule mdudu wa usiku, wamekuja kumposa dada yangu Mwanaidi. Wamekuja wenyewe, bila mshenga, jambo lililonikera hata ndotoni. Baba hayupo duniani, kwa hiyo jibu lilikuwa langu, na nilitaka liwe hapana. Mwanaidi akiolewa tena, nitabaki peke yangu na nyumba nzima.

"Hapa hatumkatai mtu kabla ya kulinganisha," likasema birika.

Nawakaribisha mkekani. Kulungu ana pembe, nondo ana vipapasio. Mjomba Shekue, mkubwa wa ukoo, anaamua kwamba kwa vya kichwani wametoka sare. Kulungu ana madoa ubavuni, nondo ana madoa mbawani. Sare tena. Ghafla tuko katikati ya uwanja wa mpira, mkeka uleule, na mjomba ana filimbi shingoni.

"Sasa chakula," anasema. "Asiyekula cha ukweni hapewi mke."

Kulungu anakula pilau, anakula majani ya mgomba yaliyofunika sinia, kisha anaanza ukingo wa mkeka.

"Mimi si mboga," mkeka unamwambia.

Anaomba radhi huku akitafuna.

Nondo hagusi kitu. Nafurahi kimoyomoyo.

"Umekidharau chakula cha dada yangu," namwambia.

"Sina mdomo, shemeji. Sisi tukishaota mbawa hatuli tena."

"Sasa unaongeaje?"

"Kwa shida."

Mjomba anapuliza filimbi kutangaza mapumziko. Kulungu anashtuka, anaruka uzio na kutokomea, pembe zimenasa mkeka. Tunabaki tumekaa kwenye nyasi.

"Huyu naye ataishi wiki moja tu," namwambia Mwanaidi, maana naiona nyumba yangu inabaki tupu.

Dada ananitazama. "Yule mume wa kwanza niliishi naye miaka sita, kaka. Kila taa ikiwashwa, yeye anatoka. Huyu taa ikiwashwa anakuja."

Nilitaka kulia, nikaona aibu mbele ya birika. Nikatikisa kichwa kukubali.

Nikaamka. Kumekucha, lakini kwa mawingu yale jikoni bado giza. Mwanaidi anachemsha chai, na mikononi ana hina ambayo jana haikuwepo. Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya taa.

"Usiwashe, kaka," akasema taratibu. "Ndiyo kwanza amelala."