Viti Arobaini

Walizaliwa wawili, kaka na dada. Kaka alikuwa fundi wa makochi, mwenye kitambi kilichotangulia kuingia mlangoni, na mtaa mzima ulimwita Pipa. Hakukasirika. "Debe tupu ndilo lenye kelele," angesema akijipapasa tumbo. "Mimi nimejaa, ndiyo maana nimetulia."

Dada mtu alifanya kazi maabara ya hospitali. Alimtoa kaka yake damu kwa kumbembeleza, baada ya kumwona akihema kwa kubeba kiti kimoja tu. Majibu yalipotoka, kipimo cha uvimbe wa ndani, ule ambao mwili huuleta ukipambana na ugonjwa, kilikuwa juu kupita kiasi.

"Una mafua? Jino linauma? Kidonda?"

"Sina hata chunusi, daktari wangu."

Akarudia kipimo baada ya wiki tatu. Kilikuwa pale pale, na sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda. Alijua maana yake. Mwili uliokuwa ukiungua taratibu hivyo, bila ugonjwa wa kuonekana, ungeweza kuwa unaharibu mishipa na kuuandama moyo.

Alitia karatasi ya majibu mkobani, akaenda karakana. Alimkuta kaka yake na misumari midomoni, akishangilia oda ya viti arobaini vya hoteli.

"Kaka, majibu yako hayajanipendeza. Inabidi umwone daktari."

"Nikimaliza viti."

"Vimebaki vingapi?"

"Arobaini tu!"

Wakacheka wote wawili. Huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Angeanzaje kumkaripia kama mtoto? Mkoba haukufunguliwa. Alijiambia atarudi Jumamosi. Jumamosi ilipofika alikuwa zamu, na iliyofuata alikuwa na nguo za kufua.

Kiti cha ishirini na saba kilimwangusha Pipa, nyundo mkononi, kifua kimembana kama kilichokazwa kwenye jiliwa la karakana.

Hakufa. Lakini sehemu ya moyo wake ilikufa, na sasa ngazi nne tu humpumzisha mara mbili. Wengine hugonga misumari, yeye huelekeza kwa kidole.

Siku Pipa aliporuhusiwa kutoka hospitali kurudi nyumbani, dada yake alishindwa kuvumilia. Akaitoa ile karatasi, akaeleza yote mbele ya wifi yake.

Pipa aliisoma kwa muda mrefu.

"Ungenionyesha, ningeacha viti?"

"Sijui, kaka."

"Hata mimi sijui. Usijitese, mdogo wangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Wifi alikuwa akimpangia dawa za jioni. Hakuinua uso.

"Mimi ningemwachisha," alisema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi dada mtu. Katika wiki zote zile, haikumpitia akilini hata mara moja kumwambia mke wa kaka yake.

Tangu hapo, majibu ya Pipa huchukuliwa na wifi mwenyewe. Hufika dirisha la maabara, humsalimu dada mtu vizuri, huuliza kila tarakimu ina maana gani, kisha huondoka nayo. Kumwachia dada mtu ayalete nyumbani hataki tena.