Taa ya Bibi Harusi

Ngeleja aliteremka kutoka kwenye lori la mpunga jua likielekea kuzama, vumbi la Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, lingali kwenye nyusi zake, na baridi ya Julai ikampiga kofi la uso. Hakuijali. Alikuwa amekuja Sumbawanga kumchukua Bibi Harusi, na moyo wake ulikuwa mkunjufu kama wa mzazi aendaye kumjulia hali binti yake huko alikoolewa.

Bibi Harusi alikuwa chatu. Ngeleja alimlea tangu akiwa mwembamba kama ukambaa, akamzoeza kishindo cha ngoma, akampa jina hilo kwa kuwa kila alipomvaa mabegani mbele za watu, nyoka alitulia na kuinamisha kichwa kama mwari chini ya ushungi. Yonas, mwanawe, alipohama bonde na kufungua grosari mjini, mzee alimkabidhi chatu yule, ili Wasukuma waliohamia huku kwenye uwanda wa juu nao wasikose wa kucheza naye. Jumamosi ilikuwa ngoma ya mavuno huko Mpui. Watu walikwisha kuahidiwa kwamba Bibi Harusi atakuwepo.

Aliiona taa kabla hajaiona grosari. Wekundu ulikuwa umemwagika mlangoni hadi barabarani, mithili ya damu ya machinjioni. Mlangoni palitundikwa kibuyu cha Yonas, na Ngeleja alikigusa kwa heshima alipopita, kama desturi ilivyo. Katika chama chao kila mcheza nyoka hupewa kibuyu cha dawa siku anayoingizwa. Amdhulumuye nyoka hugeuziwa kibuyu mdomo chini, dawa ikamwagika mchangani, naye hamgusi nyoka tena hadi kaburini. Anayekigeuza ni yule aliyemwingiza chamani. Yonas aliingizwa na baba yake.

Ndani, nyuma ya kaunta, palikuwa na sanduku la kioo, na juu yake balbu kubwa nyekundu, ile iwashwayo kwenye mabanda ya vifaranga. Vijana walikuwa wamelizunguka na simu zao.

"Oya mshikaji, gonga kioo! Gonga ageuke, nimpige picha!"

Kijana mmoja akagonga. Bibi Harusi hakugeuka. Alikuwa akisukuma pua kwenye pembe ya kioo, akirudi, akisukuma tena. Ngozi ya puani ilikuwa imechubuka ikawa kidonda, na ubavuni alijikunja makunyanzi kama gunia lililopunguzwa nafaka.

"Shikamoo baba!" Yonas alitoka mbio nyuma ya makreti, akijifuta mikono. "Mbona hukupiga simu? Karibu, keti."

Ngeleja hakuitikia marahaba. Wote waliokuwamo walilisikia pengo lile, na kijana aliyegonga kioo akaushusha mkono wake.

"Amekula lini?"

"Baba, keti kwanza upate chai, huko njiani..."

"Nimekuuliza. Amekula lini?"

"Siku hizi anaringa," Yonas alisema, akijaribu kucheka. "Nimempa kuku, nimempa sungura. Anawatazama tu kama wageni waliokosea nyumba."

"Na taa hii huzimwa saa ngapi?"

"Haizimwi, mzee wangu!" kijana mwingine alidakia kwa furaha. "Hapa panaitwa kwa Taa Nyekundu. Ukija usiku wa manane unamkuta nyoka anang'aa kama shetani. Hata watu wa Msanzi wanapajua!"

Ngeleja alimwangalia mwanawe. "Hivyo huyu halali usingizi."

"Analala, baba. Aliyeniuzia balbu aliniambia nyoka haoni wekundu. Kwake hili ni giza tupu."

"Aliyekuuzia ana macho ya nyoka?"

Mtu mmoja alicheka.

"Mimi nilimlaza kwenye tenga lenye kifuniko," Ngeleja alisema, na sauti yake ilikuwa ikipanda ngazi kwa ngazi. "Nyuma ya ghala, gizani, pasipo mlio wala mwanga. Jua likizama ndipo anapoamka, ndipo anapotembea, ndipo anapokula. Mola kaumba usiku ili kila chenye uhai kipate pa kujisitiri, hata jambazi, hata mchawi. Wewe umemnyang'anya mnyama asiye na kope usiku wake! Hawezi hata kufumba macho, Yonas! Umemvua nguo bibi harusi ukamsimamisha barazani walevi wamchungulie!"

"Baba, punguza sauti, hawa ni wateja. Na hiyo taa si ya urembo peke yake. Hiyo taa ndiyo..."

"Funga kinywa chako!"

"Nisikilize tu neno moja, hiyo taa ndiyo..."

"Nimesema funga kinywa! Neno lako nimekwisha kuliona puani mwake!"

Naye akaichomoa waya ukutani. Giza likashuka, na kwa mara ya kwanza chatu akauacha ule ukuta wa kioo, akajizinga polepole katikati ya sanduku. Ngeleja aliona, na hasira yake ikajipa haki.

"Nyote mmeona," aliwaambia waliokuwamo. "Basi kesho njooni mwone na la pili. Nitakigeuza kibuyu cha huyu kwa mkono huu uliomwingiza."

Hakuna aibu inayomla mtu mzima kama kukemewa na mzazi mbele ya watu waliozoea kumwita bosi. Yonas alichomoa ufunguo mfukoni, akaubwaga juu ya kaunta.

"Haya, mzee. Mjuzi ni wewe. Mtunze wewe."

Akatoka. Wateja wakamfuata mmoja mmoja, chupa zao mkononi. Ngeleja alilifunika sanduku kwa shuka nyeusi, akafunga mlango, akajilaza juu ya mabenchi mawili aliyoyaunganisha, kiblanketi chake cha safari kikimfika magotini. Mwili ulimtetemeka mpaka meno yakagongana. Alidhani ni hasira.

Kulipokucha, majani ya uani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda. Ngeleja aliinua shuka, akaingiza mkono, akautoa ghafla kana kwamba ameungua. Bibi Harusi alikuwa baridi kama mtungi wa maji. Alipomnyanyua shingo, shingo ilimwangukia kiganjani, na kinywa kilikuwa wazi kidogo, kikitoa povu.

Kilio chake kilimwita Josefina, au Mama Kalisti, mama Mfipa mwenye nyumba, aliyekuwa akipika pombe ya ulezi uani. Alikuja na mwiko mkononi. Nyuma yake alikuja Yonas, macho mekundu, nguo zile zile za jana.

"Amekufa?" Yonas aliuliza.

"Umemuua wewe!"

"Mimi? Nani alichomoa waya?" Yonas alilishika sanduku kwa mikono miwili. "Hiyo taa ndiyo moto wake, baba! Hilo ndilo neno ulilokataa! Huku si bondeni. Kule usiku mtu analala kifua wazi. Huku maji yanaganda kwenye beseni! Niliiacha iwake kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikimpa joto!"

Neno lile lilimwingia Ngeleja taratibu, kama mwiba unaoingia chini ya ukucha. Maisha yake yote hakupata kulala mahali ambapo giza huja limebeba mauti. Bondeni, ukimfunika nyoka umemsitiri. Hakuwahi kuhitaji kujua zaidi ya hayo.

"Ulijua," alisema. "Ulijua ataganda, ukaondoka. Kwa nini hukurudi?"

"Uliniambia nifunge kinywa. Nikakifunga."

"Ukaenda kulala!"

"Sikulala! Nilikuwa nimekaa kwa Fabiani hapo ng'ambo ya barabara, nasubiri unitumie mtu. Nasubiri angalau mara moja uje uniulize!"

"Yesu na Maria!" Josefina aliupiga mwiko kwenye kaunta. "Baba hasira, mwana hasira, na mwenye kufa ni nani? Mwanaume mzima anakaa ng'ambo kununa kama mke mwenza! Na wewe, Mzee Ngeleja, ulitetemeka usiku kucha mpaka benchi nikalisikia kwangu, hukujiuliza huyu asiye na blanketi yukoje? Mbebeni! Mbebeni mumlete kwenye mitungi!"

Walimbeba, mmoja kichwani, mmoja mkiani, bila kutazamana. Yonas alikata njia kuelekea jikoni penye moto, na Josefina akamchapa mkono kwa mwiko.

"Si huko! Pombe iliyopoa haichemshwi, utaiua. Huamshwa polepole."

Chumba chake cha kuchachulia kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na joto lake lilikuwa la mwili wa mtu aliyelala. Mitungi ilikuwa imevishwa magunia. Katikati yake palikuwa na mawe yaliyotoka majivuni, yamefunikwa kwa nyasi. Josefina aliyagusa kwa kiganja, akaongeza nyasi, akasogea mbali.

"Mlazeni hapo. Mimi simgusi. Na mlango ufungwe."

Wakakaa ndani ya giza lile, baba na mwana, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake na kuichukia. Ngeleja alitaka kumlaani kijana huyu kwa kinyongo chake, na kila alipofungua mdomo, alikumbuka neno lililoanza mara mbili akalikata mara mbili. Jua lilikuwa la utosi alipoinama na kusikia, chini ya vidole vyake, ulimi mwembamba ukipita kama uzi.

"Yu hai," alisema.

Yonas alishusha pumzi ndefu. Kisha, kwa sauti ya chini, "Baba, vijana wameanza kuja. Wamekumbuka maneno yako ya jana." Akangoja. "Tuyafunike haya. Mimi nilikosa, wewe ulikosa, ngoma droo. Mama Kalisti hatasema. Jumamosi tutacheza naye Mpui, hakuna atakayejua."

Hasira iliyokuwa imelala ikainuka upya, nayo safari hii haikujua imwendee nani.

"Kwa hiyo sheria ni ya wana tu? Baba akikosa, ni droo?"

Alitoka nje. Vijana walikuwa wamejipanga kando ya mlango wa grosari, simu tayari. Ngeleja alilifungua fuko lake la safari, akatoa kibuyu chake mwenyewe, kilichong'aa kwa kushikwa miaka na miaka.

"Mzee, siyo hicho," kijana wa jana alisema. "Cha Yonas kipo hapo juu."

"Nyamaza. Aliyeniingiza mimi amekwisha kufa, na mkono wake sasa ni huu wangu." Akakigeuza. Dawa ilimwagika kama unga wa giza, na upepo ukaichukua. "Nilimwacha nyoka kwenye baridi kwa sababu nilipenda hasira yangu kuliko sikio langu. Na wewe, Yonas, uliyejua ukaenda kununa! Kishushe chako."

Yonas hakusogea, alikuwa kama aliyepigiliwa. "Baba, kapona. Si umemsikia mwenyewe?"

"Kishushe!"

Akakishusha. Machozi yakamtoka kwa ghadhabu. Alimpa baba yake kibuyu, na baba akakigeuza. Hakuna aliyekumbuka kupiga picha.

"Na Mpui?" Yonas aliuliza. "Nani atacheza naye Mpui?"

"Hachezi mtu. Kesho nitatuma wenzangu wa chama waje wamchukue."

"Kesho!" Josefina alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chake. "Na leo? Nimlinde mimi, mwanachama wa jumuiya ya kanisa, nyoka katikati ya pombe yangu? Padri akisikia nitamwambia nini?"

"Mwambie ni mgonjwa, Mama Kalisti," alisema Ngeleja.

Alirudi mpaka mlangoni. Ndani, kati ya mitungi, Bibi Harusi alikuwa amekiinua kichwa, akikielekeza upande ilikotoka harufu aliyoijua tangu utoto. Mkono wa mzee ulinyanyuka wenyewe, ukafika nusu ya njia, kisha akauvuta na kuuficha kwapani kwa nguvu, kama mtu anayemshika mwizi. Yonas alisimama nyuma yake, naye mikono yake ikiwa imening'inia, haina kazi.

"Haya, ondokeni mlangoni wote wawili," Josefina alisema. "Mnaingiza mwanga."