Fimbo Isiyolia

Mtaa mzima ulimwita Mzee Sikio, na jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio. Alikuwa fundi wa kupaka bati ndani ya sufuria za shaba, ili shaba isichafue chakula. Bati lenyewe si lile la kuezekea nyumba. Hilo ni chuma kilichovishwa zinki kikajipachika jina la mwenzake. Bati la Mzee Sikio lilikuwa bati kweli, na bati kweli ukilikunja hulia. Linatoa kasauti ka kukwaruza, kama mtu anayetafuna mchanga. Risasi, ile metali nzito, nayo ni ya kijivu na huyeyuka kwa moto mdogo, lakini ukiikunja inanyamaza. Na risasi kwenye chakula ni sumu.

Kwa miaka thelathini na mitano alinunua fimbo zake za bati hivyo: anaisogeza fimbo sikioni, anafumba macho, anaikunja, anasema "Hii inalia," au "Hii bubu, rudi nayo." Wauzaji walimwogopa kuliko mizani. Hata mafundi wenzake watatu walimletea fimbo zao azisikilize.

Ila tangu mwaka juzi Mzee Sikio alikuwa hasikii. Mazungumzo ya ana kwa ana aliyamudu kwa kutazama midomo, na yaliyompita aliyajibu "Ndiyo, ndiyo, Mungu ni mwema," jibu linalofaa kwa salamu, kwa misiba na kwa bei ya mkaa. Sauti ndogo zote zilikuwa zimehama. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na jina lake ni Sikio? Aliendelea kukunja fimbo, kufumba macho na kuitikia kwa kichwa.

Alhamisi alasiri binti yake, mwalimu wa kemia, aliingia karakanani na sufuria iliyofungwa kwenye gazeti, na mkoba uliokuwa ukigonganisha chupa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imetoboka?"

Binti aliifuta sufuria ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka na weusi.

"Nilitaka kumchemshia mtoto maziwa, nikaifuta kwanza. Bati haliachi weusi huu."

"Masizi hayo."

"Nimeiosha mara tatu."

"Basi ni sabuni."

Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi minane, mjukuu wa kwanza wa Mzee Sikio. Mzee akaketi, akajifanya ameketi kwa sababu ya umri.

Binti aliomba fimbo iliyobaki. Akaipima kwenye mizani ya karakana, kisha akaizamisha kwenye chombo chenye alama, akatazama maji yalivyopanda.

"Gramu mia nne hamsini na mbili. Maji yamepanda mililita arobaini. Kila mililita moja ina zaidi ya gramu kumi na moja. Bati lingekuwa na saba na kidogo."

"Mizani hiyo imezeeka."

"Imezeeka mpaka inaongeza nusu nzima?"

Akaisugua fimbo kwenye karatasi. Ikaacha mstari wa kijivu kama wa penseli. Mzee Sikio akasema kuna bati linaloandika. Binti alikwangua vipande vidogo akavitia kwenye bomba la kioo, akatoka nje, akavimiminia asidi na kuvipasha moto, akiupa mvuke mgongo.

"Bati lingeacha unga mweupe hapa," alisema. Unga haukuonekana. Akaongeza maji, kisha matone kutoka chupa nyingine, na bomba zima likageuka njano kama kiini cha yai. "Hii ni risasi, baba."

"Ililia! Niliikunja mwenyewe, ikalia."

"Ikunje tena."

Akaisogeza sikioni, akafumba macho, akaikunja polepole kama anavyofanya fundi anayetazamwa.

"Umesikia?" aliuliza, akafumbua macho.

Binti yake alikuwa analia.

"Nimekuita mara nne, baba. Umefumba macho, nimekuita mara nne."

Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua. Cha Mzee Sikio, kile cha fimbo, kilimuumbua kwa kutokuwepo. Aliona haya mpaka akakosa pa kuweka mikono.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Lakini wauzaji wangu wa zamani hawathubutu kunidanganya. Fimbo hizi nimezinunua kwa mgeni, wiki iliyopita."

"Umepaka sufuria ngapi?"

"Yako na nyingine tano. Zimeshachukuliwa."

Binti alipangusa macho, akakaa mbele yake ili midomo ionekane. "Twende tukazikusanye. Tutasema muuzaji alikuibia. Si uongo, baba. Mengine si lazima wayajue."

Lilikuwa shauri zuri, na alilipenda. Angebaki na jina lake. Kisha akawakumbuka wale mafundi watatu. Kesho wangekuja na fimbo zao, naye angefumba macho, kwa sababu Mzee Sikio ndiye anayesikia.

Akavaa viatu.

Kwenye nyumba ya kwanza sufuria ilikuwa jikoni, maharage yanatokota, na watoto wawili wameshika sahani.

"Mama, iepue. Usiwape," alisema Mzee Sikio. "Nilichopaka humo ni risasi. Maharage yamwage, na watoto wapelekwe hospitali wapimwe damu."

Mama wa nyumba aliiepua, akawapokonya watoto sahani, akasema jambo huku amewainamia. Binti akafungua mdomo kujibu kwa niaba yake. Mzee Sikio akamshika mkono.

"Geuka useme tena, mama. Sikukusikia."

Akageuka. "Nasema, tumeipikia tangu Jumanne! Kwani hukuisikiliza?"

"Niliikunja, lakini sikusikia kitu. Masikio yangu yamekufa, nikawaficha."

Yule mama aliweka sahani chini. Kisha akamwita mumewe aje ayasikie mwenyewe, na Mzee Sikio akayasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, mlango ukiwa wazi na majirani wakisogea.