Kanga Iliyobaki Uwanjani

Kanga ilianza kutembea yenyewe. Kwanza ilikunja pindo, kama mwanamke anayeinua gauni avuke dimbwi, kisha ikajiburuza juu ya lami, polepole, kuelekea kwenye injini ya ndege. Nyuma yake akaja mama mkwe wangu, mbio.

Nikisema mkwe, nieleweke. Kwetu Mikindani mkwe wa kike hupishwa njia. Tangu nimuoe Subira, chakula cha mama yake nakila kwa kuletewa; uso wake sijawahi kuutazama sawasawa. Mimi mropokaji, niliyemtania hata daktari akinishona mguu ulioangukiwa na mzigo enzi zangu za bandarini, mbele ya Bi Somoe ulimi hunikauka.

Asubuhi ile alikuwa akimsindikiza kitindamimba wake, Nasra, anayekwenda kwa mume Dar es Salaam. Mlinzi wa uwanja wa ndege alikuwa mtu wao. Akawaachia wanawake watandike kanga mpaka kwenye ngazi ya ndege, bibi harusi apite juu yake. Vigelegele vikapanda. Mimi mpakia mizigo nikamwambia Erasto, fundi wetu, "Pita na wewe, huenda ukapata mke." Macho yake yalifuata kila kanga iliyookotwa.

Erasto ndiye aliyenifundisha injini zile, zenye mdomo mpana kuliko geti la kwangu. "Moto wa ndani ni mpishi tu," aliniambia. "Kazi yake kulizungusha lile pangaboi kubwa la mbele. Hewa nyingi haiuoni moto kabisa; inapita pembeni, inatupwa nyuma, na huko kutupwa ndiko kunakoisukuma ndege."

"Sasa ubaya wake utaujuaje?"

"Mashine iko mbele yako, upepo unausikia kisogoni. Hapo inakuvuta, ndugu yangu; lala chini."

Kanga moja ilikuwa imebanwa na gurudumu la ngazi. Hatukuiona. Mlango ukafungwa, ngazi ikavutwa, injini ya upande wetu ikaanza kuzunguka, na kanga ikawa huru. Bi Somoe aliitambua kutoka mlango wa jengo la abiria: ndiyo aliyotandikiwa yeye siku ya harusi yake.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Hakuwa na mtu wa kumzuia isipokuwa mimi. Na miguu yangu ikafanya ilichozoea: nikampisha.

Nikageuka kumfuata kwa macho, nikausikia upepo kisogoni.

Buibui lake lilikuwa limetangulia mbele yake, limenyooka kama kidole kinachoonyesha njia. Nikaruka, nikamkumbatia kiunoni, tukaanguka pamoja.

"Mkwe, niache! Watu wanatuona!"

"Waache waone, mama."

Kanga ikainuka, ikasimama wima kitambo, ikaingia. Hapakuwa na kishindo. Injini iliimeza kama mtu anayemeza mate. Erasto alikuwa ameshamwonyesha rubani ishara ya kuzima. Pangaboi likapunguza mwendo, mpaka nikaliona panga moja moja, na wekundu wa kanga uliojisokota katikati.

Safari ikaahirishwa, ngazi ikarudishwa; Nasra alishuka kwa miguu yake juu ya lami tupu. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Wiki iliyofuata Bi Somoe alimpa Subira kipande cha pili cha doti ile, aniletee. Tukikutana njiani bado anavuta mtandio wake, nami nampisha bado. Ila siku hizi, kabla sijasogea, nasikilizia kwanza upepo unatoka wapi.